Wimbo wa Mwisho wa Watu wa Kilimia

Zipu nzito ya chuma, ile inayoshonwa kwenye mabegi ya safari, ikifunguliwa polepole hunisimamisha popote nilipo. Juzi tu nilikuwa Mtaa wa Kongo, katikati ya watu na mikokoteni, mama mmoja akikagua begi mbele ya duka. Akaivuta zipu taratibu, jino kwa jino, krrrrr, mpaka mwisho, nami nikaganda pale njiani hadi mwenye mkokoteni akanipigia kelele, "Pisha, sista, pisha, kichwa hicho!" Mtu mwingine angesikia zipu tu. Mimi nilisikia mlango wa chombo cha angani ukifunguka.

Huenda wewe msomaji ulikua Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kwenu kulikuwa na televisheni, au kwa jirani yenu. Kama ni hivyo, yawezekana uliutazama mchezo ule wa Alhamisi, saa moja na nusu jioni. Uliitwa Watu wa Kilimia. Ulihusu Wabongo saba waliopanda chombo kwenda kuwatafuta wenyeji wa nyota za Kilimia, zile ambazo wakulima wa zamani walizitazama ili wajue mvua. Kuta za chombo zilikuwa trei za mayai zilizopuliziwa rangi ya fedha. Nahodha alivaa koti la baridi la kike lililonunuliwa mitumbani Mchikichini, na ukitazama vizuri ungeona vifungo viko upande usio wake. Hakuna aliyejali, kwa sababu muziki ulipoanza, trei za mayai zilitoweka na sote tulikuwa angani.

Muziki ule ulitengenezwa jirani na duka la baba yangu, Mtaa wa Mkunguni, ambako nyuma yake ndiko tulikoishi. Aliyeimba alikuwa shangazi yangu.

Shangazi Ndeshi, dada mdogo wa baba, aliletwa kutoka Machame kuja kumsaidia dukani. Tuliuza zipu, vifungo, nyuzi, sindano na lastiki kwa mafundi cherehani. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na sauti nzito kidogo ambayo kwaya ya kanisa iliiweka mstari wa nyuma ili isiwafunike wenzake. Alipopanga vifungo kwenye makopo alikuwa akiimba bila kujua kwamba anaimba. Mafundi walikuwa wanajifanya hawajaridhika na rangi ya uzi ili wakae kidogo.

Mlango wa pili kutoka kwetu ilikuwa ghala ya vitambaa ya familia moja ya Kiarabu. Mtoto wao, Salimu, hakupenda kuuza vitambaa. Alipenda kinanda chake cha umeme na redio kaseti mbili alizozifungua na kuzifunga mwenyewe hadi zikawa na waya zinazoning'inia kama utumbo. Watu wa mchezo ndio waliompa kazi ya muziki, na yeye siku hiyo hiyo alikuja dukani akasimama mbele ya kaunta kama mtu aliyekuja kuposa.

"Dada Ndeshi," alisema, "watu wa Kilimia wanatakiwa waimbe. Na mimi sijui sauti nyingine ya kutoka mbinguni ila yako."

"Mimi naimba kanisani," Shangazi akajibu.

"Basi hata wao tutasema wanatoka huko huko juu."

Baba alicheka. Hivyo ndivyo alivyotoa ruhusa; baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Walirekodi alasiri, biashara ikipoa, ndani ya ghala. Salimu alipanga marobota ya vitenge mpaka juu, akaacha nafasi ya watu watatu katikati, kwa sababu alisema vitambaa vinameza mwangwi. Mlango wa chombo kufunguka ilikuwa zipu ya begi kutoka dukani kwetu, aliyoivuta taratibu mbele ya kinasa sauti. Mpaka leo harufu ya kitenge kipya, ile ya wanga na dawa, kwangu ni harufu ya muziki. Shangazi alisimama, Salimu alichuchumaa kwenye mashine zake, nami nilikaa juu ya robota nikiwa na kazi yangu maalumu, kwa maana nami nilikuwa mtu muhimu.

Kazi yangu ilikuwa lugha. Watu wa Kilimia walihitaji lugha yao, na Salimu hakuwa nayo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na darasani tulikuwa na mtindo wa kusoma maneno kinyumenyume ili mwalimu asituelewe. Nikawaambia kifungo ni ognufik, na sindano ni onadnis, na uzi ni izu. Salimu alinitazama kwa heshima ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kunitazama nayo. Tangu siku hiyo Shangazi aliimba duka zima la baba kinyumenyume. *Ognufik, ognufik, izu onadnis.* Sauti yake ile nzito ilipita katikati ya maneno hayo na kuyafanya yahuzunishe. Wanawake wa mtaani kwetu walifuta machozi wakimsikiliza mtu anayeimba kuhusu kifungo.

Salimu alikuwa na ujanja ulionishangaza kuliko yote. Aliirekodi sauti ya Shangazi kwenye kaseti moja, kisha akaipiga huku Shangazi akiimba tena, na kaseti ya pili ikanasa sauti zote mbili. Akarudia tena na tena, hadi Shangazi mmoja akawa Mashangazi sita. "Sauti ni kama kanga," aliniambia. "Unaweka moja juu ya nyingine." Sikuona waya. Niliona tu sauti ikilala juu ya sauti.

Jina la Shangazi halikuandikwa popote. Mwisho wa mchezo yaliandikwa maneno, "Muziki: Salimu na wenzake." Nilikasirika kwa niaba yake, yeye akacheka. "Wenzake ni mimi na wewe," alisema. Ijumaa, Mnazi Mmoja, watoto wa shule tatu walikuwa wakiruka kamba kwa *ognufik izu*, na mimi nilipita katikati yao nimeinua kidevu kama binti wa sultani.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikuliona, ingawa lilikuwa mbele ya macho yangu. Salimu aliacha kusema "Dada Ndeshi". Akawa anasema "Ndeshi" tu, na alilisema taratibu. Shangazi akaanza kupaka mafuta mikononi kabla ya kwenda ghalani. Mimi niliona kwamba wimbo mmoja sasa unachukua alasiri tatu, na nikadhani nyimbo zimekuwa ngumu.

Mchezo ulipokaribia mwisho, Salimu alitunga wimbo wa chombo kuondoka moja kwa moja. Akauita "Kuaga Dunia." Baba aliposikia jina hilo akasema huo si wimbo, ni tangazo la msiba, lakini jina likabaki. Wimbo huo ulikuwa wa Kiswahili cha kawaida, wa mtu anayeiaga nyumba yake akijua harudi. Mwishoni mtoto wa Kilimia angeitikia, na Salimu aliniahidi kwamba mtoto huyo ni mimi. Nilifanya mazoezi chooni, jikoni, na chini ya meza ya duka.

Shangazi aliuimba mara moja tu. Alipomaliza hakutikisika, na Salimu hakugusa kitufe. Kaseti ikaendelea kuzunguka ikirekodi kimya chetu. Kisha Shangazi akasema, "Sirudii huu." Alasiri ile ile tulirekodi sehemu yangu kwenye kaseti nyingine.

Jumamosi Salimu alikuja dukani akiwa na uso wa kuomba radhi. Mwongozaji ameamua wimbo ubaki na sauti moja, alisema. Sehemu ya mtoto imeondolewa. Na hata huyo mmoja, kule kituoni walikuwa wanapendelea mwimbaji mwenye jina, ila yeye amewakatalia. "Usinune, Neema," aliniambia. "Utaimba wimbo mwingine." Shangazi akaipokea kwake kaseti ya wimbo wake, iliyoandikwa MWISHO kwa kalamu nyekundu, akaiweka kwenye kopo la biskuti juu ya rafu, kwa sababu ilikuwa masika na paa la ghala lilikuwa linavuja. Gari la kituoni lingeipitia Jumatatu asubuhi.

Jumapili nilisema tumbo linauma. Wote wakaenda kanisani wakaniacha na uji. Walipotoka tu nilipanda kwenye kiti, nikashusha lile kopo, nikaiweka kaseti kwenye redio ya baba iliyokuwa na kinasa sauti. Nisikilizeni vizuri hapa, maana nimekuwa nikijitetea kwa jambo hili maisha yangu yote: sikutaka kuuharibu wimbo. Nilitaka kuwemo. Sauti ni kama kanga, unaweka moja juu ya nyingine. Nikabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, kama nilivyomwona Salimu akifanya, nikauimba wimbo wote toka mwanzo hadi mwisho, nikiwa na Shangazi kichwani mwangu.

Niliporudisha kaseti nyuma na kusikiliza, nilikuwepo peke yangu. Sauti nyembamba, ya puani. Chini yake hapakuwa na mtu.

Niliirudisha tena na tena, nikaweka sikio kwenye spika, nikadhani Shangazi yuko mbali tu na atakaribia. Kisha nikaelewa kwamba nimemfuta. Wazo pekee lililonijia ni kujitoa mimi pia, ili asijulikane aliyekuwemo. Nikabonyeza vitufe vile tena, nikakaa kimya, nikizuia pumzi, mpaka wimbo wote ukafunikwa na ukimya wangu. Kisha nikairudisha kaseti koponi na kopo kwenye rafu, nikalala. Waliporudi, tumbo lilikuwa linaniuma kweli.

Salimu alikuja Jumanne, mchana, mvua ikinyesha. Alisimama mlangoni akivuja maji.

"Ndeshi, kaseti uliyowapa haina wimbo."

Shangazi alikuwa anapima lastiki. Akaiacha. "Haina vipi?"

"Haina. Wameipiga kituoni mbele ya watu wote. Kuna jogoo anawika. Kuna muuza kahawa anagonga vikombe. Ni jogoo wenu yule, mimi namjua. Imerekodiwa upya, hapa hapa nyumbani."

"Unasema mimi nimefuta wimbo wangu mwenyewe?"

"Sisemi hivyo. Nauliza."

"Si ulisema wenyewe wanamtaka mwimbaji mwenye jina?" Sauti yake ilianza kupanda, na sikuwahi kuisikia ikipanda isipokuwa kwa kuimba. "Mmeshampata, siyo? Sasa unatafuta wa kumtupia."

"Wamempata leo asubuhi, kwa sababu mimi sikuwa na kitu cha kuwapa! Ndeshi, wallahi, twende uimbe sasa hivi, nitawaambia wasubiri."

"Nilikwambia sirudii."

Hapo Salimu akageuza macho, akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa sakafuni nikitenganisha vifungo vyeupe na vya rangi ya maziwa. Alinitazama kwa muda mrefu. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kunitazama na kuniona vile.

"Neema," alisema, kwa upole. "Uliigusa kaseti?"

Baba alikuwa na msemo wake, njia ya mwongo ni fupi, na nilikuwa nimeuandika daftarini kwa mwandiko mzuri. Nikasema, "Sijaigusa, anko."

"Una hakika?"

Shangazi akatoka nyuma ya kaunta, akaja akasimama kati yangu na yeye. "Muache mtoto," alisema. "Mtoto wangu huyu hasemi uongo. Kama mtu amesema uongo humu ndani, siyo yeye."

Salimu alibaki amesimama. Ningeweza kusema wakati ule. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu na nilijiambia kwamba hata nikisema hawatanisikia. Alinitazama tena mara moja, kisha akamtazama Shangazi, akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekubali kitu, akatoka.

Alhamisi, mwimbaji mwingine aliimba "Kuaga Dunia." Aliimba vizuri. Mtaa mzima ulilia. Shangazi alikuwa jikoni akisafisha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Baada ya miezi michache Salimu alikwenda Muskati kwa mjomba wake, na tukasikia ameoa huko. Shangazi aliacha kuimba dukani, kisha akaacha kwaya, akisema mazoezi yanamchosha. Waliomjia kwa habari za ndoa aliwasikiliza kwa adabu na kuwasindikiza mpaka mlangoni. Baba alipofariki, duka likawa lake, na mimi nikasoma, nikaajiriwa, nikahamia Tabata. Kila Jumamosi nilimtembelea, na kila Jumamosi nilikwenda nimejiandaa kumwambia. Nilipofika nilimkuta amechoka, au ana wageni, au amefurahi sana kuniona, na kila moja kati ya hayo lilinitosha kuwa sababu.

Mwaka jana mdogo wake Salimu alipita dukani kutuambia kwamba kaka yake amefariki kule Muskati, moyo, na wameshamzika huko huko. Shangazi alimpa pole. Mgeni alipoondoka, Shangazi akarudi kwenye kiti chake akaendelea kupanga nyuzi kwa rangi. Nilimwambia palepale, sijui kwa nini palepale. Labda ni kwa sababu sasa hapakuwa na kilichobaki cha kuharibika. Ndivyo nilivyodhani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Sikuficha kitu, hata tumbo la uongo.

"Uliuimba wote?" aliniuliza.

"Wote."

"Kisha ukakaa kimya, wote."

"Ndiyo, Shangazi."

Alizungusha kidonge cha uzi mkononi. "Alikuja Bongo mwaka juzi," alisema. "Hukujua. Nilikutana naye hapa hapa Mkunguni, ana mvi, anatembea na mkongojo. Akasimama. Aliniona, akasimama kabisa, kama mtu anayetaka kusalimia." Akakiweka kile kidonge mezani. "Nikavuka barabara."



Siku ya pili alinipigia simu akaniambia nivae gauni refu na mtandio, tunaenda kutoa pole. Familia ya Salimu bado wanaishi juu ya ghala. Miaka ishirini na mitano Shangazi alikuwa hajapanda ngazi zile. Mama yake Salimu, Bi Shamsa, ni mzee sana sasa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amezungukwa na mito. Tukasema shikamoo, akaitikia marahaba, kahawa ikaletwa. Shangazi alimpa pole kwa maneno yote yanayostahili. Kisha akanigeukia.

"Mwambie," alisema.

Nikasema tena, mara ya pili kwa siku mbili. Ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu Bi Shamsa hakuwa ananiangalia mimi; alikuwa anatazama mlango kana kwamba mtu angeingia.

"Aliniapia," alisema nilipomaliza. "Aliniapia hapa hapa, mama, sikumfanyia hila yule binti. Na mimi nikamwambia, muogope Mungu, Salimu, mtoto wa watu halii bure. Nikamsemesha hivyo mpaka akapanda ndege." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio wake. "Nawe hakukutaja. Hata siku moja hakukutaja."

Nilikuwa nimeshalielewa hilo kitambo, lakini kulisikia kulikuwa jambo jingine. Siku ile ya mvua alijua. Alimjua jogoo, alimjua muuza kahawa, na aliniona mimi sakafuni na vifungo vyangu. Neno moja lake lingenitoa. Angeweza kunishika mkono, kunitisha kidogo tu, ningelia na kusema. Nilipokuwa mtoto nilidhani amenishindwa. Ukubwani ndipo nilipotambua kwamba alichagua: alimwona Shangazi amesimama mbele yangu kama ukuta, akaona kwamba ili yeye aaminiwe itabidi mtoto aumbuliwe mbele ya mtu anayemwamini, naye hakutaka. Labda alidhani nitasema mwenyewe jioni ile, au kesho yake. Mtu mwema huwadhania watoto hivyo.

Bi Shamsa akaniuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na sasa?"

"Thelathini na tano."

Alihesabu, nadhani, kwa maana midomo yake ilicheza kidogo. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa mwepesi na wa moto kwa kikombe cha kahawa.

"Ya mtoto wa miaka kumi nimeyasamehe hapa hapa tulipokaa," alisema. "Hayo mengine, mwanangu, niachie kwanza."

Shangazi alimalizia kahawa yake, akaomba kikombe cha pili, nasi tukakaa pale hadi adhana ya alasiri.